Kisu Chenye Chembe Nene

Wageni wanapenda moto. Kaka yangu Muzrob kaligundua hilo, ndiyo maana karakana yetu ya visu hapa mjini Chust imegeuka jumba la sinema. Wanaingia simu zikiwa juu, naye anauacha ubapa wa kisu ndani ya makaa mpaka unang'aa mweupe na kutema cheche, eti wapate picha nzuri. Kinyaa hunishika kila nikimwona anavyowageuzia uso ili apigwe picha.

Baba alitufundisha sote wawili: chuma cha pua kikifika wekundu wa komamanga, kitoe, kitose kwenye mafuta. Ukikizidishia moto, chembe zake za ndani hukua, na kisu chenye chembe kubwa hukatika kama biskuti. Kwa hiyo katika kila mkupuo wa visu alivunja kisu kimoja kizima ili atazame ndani. Chembe zikiwa laini kama majivu, vilivyobaki vinapigwa muhuri wenye jina lake. Zikiwa kubwa, vyote vinarudi motoni, wekundu wa kiasi, vinapoa hewani, mara tatu, mpaka chembe zisinyae.

Tangu baba apofuke, Muzrob havunji kitu.

"Nivunje kisu kizima? Una wazimu, Oydin?" aliniambia wiki iliyopita. "Hivi ni vya kutundika ukutani."

"Na vya wachinjaji wa Idi je?"

"Wewe kazi yako muhuri. Gonga, usinitie kiwingu."

Nikagonga. Vyote thelathini.

Jana, Idi yenyewe, mchinjaji Hakimqul aliingia aproni imelowa damu. Akautupa juu ya benchi mpini wenye nusu kisu. Nusu ya pili, alisema, ilibaki shingoni mwa kondoo, na kondoo akakurupuka, akazunguka ua mzima huku anakoroma, damu ikiruka mpaka kwenye vitambaa vya meza.

"Nimemtesa mnyama wa sadaka mbele ya wenyewe!" akafoka, akimgeukia baba. "Fundi Sobir, hii ndiyo kazi yako siku hizi?"

Baba alikipapasa kisu pale kilipokatikia, akasugua kwa kidole gumba. Chembe zilikuwa nene kama chumvi ya mawe. Akatema mate.

"Hiki si chetu. Kuna mwizi kaiga muhuri wangu. Muzrob, mwanangu, nenda sokoni ukamtafute."

"Haya, baba."

Akavaa kofia, akatoka. Mwanamume mzima, akaenda kumtafuta mwizi!

Baba akanishika mkono. "Umeuona uchafu huu, binti yangu?"

"Hakuna mwizi, baba," nikasema. "Kisu kakichoma Muzrob, na muhuri nimegonga mimi. Nilijua havikupimwa."

Hakimqul akatazama pembeni. Baba akauachia mkono wangu, kisha akaanza kujifuta vidole kwenye joho lake, kimoja kimoja, na alipomaliza akaanza upya.