Nyasi Mabegani mwa Mheshimiwa Gervase

Nyie, hii mtasema nawapiga fiksi, lakini ilitokea, tena bungeni, kule Westminster, enzi zile mfalme akikohoa nchi nzima inakohoa.

Asubuhi hiyo wabunge walikuwa wanamenya machungwa kwenye mabenchi, na Mheshimiwa Gervase Thornhaugh alikuwa na nyasi mabegani kama kawaida. Zilianza kuota siku alipopitisha sheria ya kuzungushia ua malisho ya kijiji chake, Hobley, yawe yake. Mfalme akampa cheo. Kila akipanda cheo, nyasi zinarefuka. Kinyozi alikuwa anazipunguza Jumamosi.

Mama Annis Pell wa hapo Hobley, aliyemnyonyesha Gervase utotoni, akafika mlangoni na ng'ombe wake, mbavu zote nje. Huyo ng'ombe akifa, mama anaenda kuombaomba barabarani.

"We mama, wanawake hawaingii," mlinzi akasema.

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe hajakatazwa. Afute kwato tu."

Ng'ombe akaingia, akasimama nyuma ya benchi, akaanza kula bega la kushoto. Mama Annis akaita kutoka mlangoni:

"Gervase! Leo mnapigia kura kuvunja ule ua. Inuka utoke, mwanangu!"

"Mama, usinipigie kelele kazini. Nipe muda."

"Mimi muda ninao. Muulize huyo anayekutafuna."

Benchi zima likacheka.

Kura yao ilikuwa hivi: anayetaka jambo jipya anatoka nje akahesabiwe, anayekataa anabaki amekaa. Na ukitoka, kiti chako ni cha atakayewahi. Kiti cha Gervase kilikuwa ubavuni kabisa mwa waziri wa mfalme.

Gervase akainuka nusu. Mbunge mnene wa pembeni akasogeza makalio.

"Nenda tu kaka, nitakulindia."

Gervase akamtazama. Akakaa.

Ua ukabaki, kwa kura moja. Mwaka uliofuata Gervase akawa waziri, nyasi zikamfika kiunoni. Ng'ombe alikuja kila asubuhi, akanenepa. Spika alilalamikia kinyesi tu. Majirani wa Hobley walishauza ng'ombe wao, maana mabega yalikuwa mawili tu. Mama Annis alikamulia pale nje, nusu ya maziwa akampelekea Gervase, kwa sababu malisho ni yake.

Haya, semeni ukweli: ungekuwa wewe, kile kiti ungekiacha?