Pikapu Isiyorusha

Jumanne saa tatu asubuhi, Lenard Mwalongo aliingiza pikapu yake katika gereji ya fundi Masumbuko, Makambako, nyuma ya viwanja vya mbao, akaizima na kushuka na kofia yake ya sufu mkononi. Baridi ilikuwa bado haijauachia mji. Akasalimu, "Kamwene, fundi," kisha akaeleza shida yake. Pikapu inaketi nyuma, pua inatazama juu, na usukani unaelea. Ukiupeleka kushoto, gari linafikiria kwanza.

Masumbuko alikuwa na miaka hamsini na kitu, na magoti yaliyochakaa kuliko shokapu za wateja wake. Alilala chali juu ya kipande cha boksi, akamulika, akaona springi za nyuma zimelala bapa kana kwamba zimebeba tani moja. Akiwa hukohuko chini alimwambia mzee ashushe mzigo kwanza, ndipo waongee.

Lenard akasema hakuna mzigo.

Fundi akatoka, akakanyaga tairi, akachungulia. Nyuma kulikuwa na tairi la akiba, kipande cha kamba na majani makavu ya mkaratusi. Akarudi chini, akatazama tena. Springi zilikuwa bapa vilevile. Akauliza hali hiyo imeanza lini, na Lenard akajibu kuwa huu ni mwaka wa saba, tangu wiki aliyomzika mkewe Conjesta. Masumbuko akaandika kwenye daftari: miaka saba, nyuma nzito, haina kitu.

Mtu anayejua magari atauliza inawezekanaje kuendesha gari la namna hiyo miaka saba. Lenard alikuwa mkulima wa viazi wa upande wa Njombe, na alikuwa amezoea. Tena, tuseme ukweli, ilimfaa. Mtu anayepigana na usukani haongeleshwi, na Lenard hakupenda kuongeleshwa akiwa ndani ya gari hilo. Kilichomleta gereji ni binti yake Prisila, aliyekuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Mumewe, Geofrey, alikuwa kwenye mashamba ya miti Mafinga na alirudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo Prisila alikuja kusubiria kwa baba yake. Kliniki walimwambia akajifungulie Ilembula na asichelewe. Lenard alitaka mwanawe afike bila kurushwarushwa, na usukani usiwapeleke mtaroni.

Masumbuko alifanya kazi siku mbili. Alibadilisha bushi zote, akafunga tairodi mpya na boljointi mpya, akaongeza chuma kimoja katika kila springi ya nyuma. Alipoishusha pikapu kutoka kwenye jeki ilikaa palepale ilipokuwa imekaa. Alipima kwa futikamba nafasi iliyobaki kati ya chesisi na mpira wa kuzuia, na nafasi haikuongezeka hata kidogo.

Siku ya tatu waliipeleka kwenye mizani. Mpimaji, bwana mmoja anayeitwa Abrahamu, alisoma uzito akaulinganisha na kadi ya gari, akaona tani moja kasoro kidogo imezidi. Alitazama nyuma palipokuwa tupu, akauliza wamepakia nini. Lenard akasema viazi, magunia manane. Abrahamu akajaza fomu: viazi. Halafu akagawanya kwa nane kichwani, akasema kwa uzito huo hayo yote ni lumbesa, yamejazwa kupita mdomo wa gunia na kushonewa kilemba, na lumbesa imepigwa marufuku. Lenard akajibu kwamba anafahamu.

Waliporudi gereji Masumbuko alimimina chai, wakakaa kwenye benchi wakiitazama pikapu. Akamwomba mzee amsimulie hayo magunia.

Lenard alisimulia kama alivyosimulia msibani. Siku ile uchungu ulimshika Conjesta saa nne asubuhi. Pikapu hii, kwa sababu ya kubeba viazi, springi zake zilikuwa zimeongezwa vyuma, na ikiwa tupu ilikuwa inarusha mtu mpaka anagonga kichwa. Ndipo akasema wapakie kwanza, gari litulie, mama asiumie njiani. Mtu mzima wa kumsaidia hakupatikana, wote walikuwa mashambani, kwa hiyo alisaidiana na Prisila, wakati huo ana miaka kumi na minne. Mtoto alivuta magunia yale kutoka ghalani huku analia, akianguka na kuinuka. Mpaka la nane linapanda ilikuwa saa saba. Prisila akabaki nyumbani kuwaangalia wadogo zake. Conjesta alifariki Ilembula, mlangoni pa wodi, na mtoto tumboni. Msibani watu walimsifu Lenard, kwamba hata katika saa ngumu kama ile alikumbuka springi.

Masumbuko alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Alikuwa mtu mpole, lakini springi alizijua, na kuna mambo ambayo fundi hawezi kuyaacha yapite.

"Ni kweli gari tupu inarusha," alisema. "Ila mzee, ili itulie, magunia mawili yanatosha. Nane ni ya soko."

Lenard alitazama kofia yake. Lori la mbao liliingia uwanja wa jirani na kuzimwa.

"Mnunuzi alikuwa na fuso lake hapa Makambako, linaondoka saa tisa," alisema. "Nilimpitisha Conjesta sokoni. Nikashusha yote manane, yeye amekaa mbele ananisubiri. Kwa hiyo tulipoacha lami kuingia Ilembula, gari ilikuwa tupu." Akavaa kofia, akaivua. "Alirushwa, fundi. Kipande chote kile alirushwa, na hakusema kitu."

Chini ya pikapu chuma kililia mara moja, na nyuma ikainuka kidogo. Masumbuko alichukua futikamba, akaenda kupima. Alirudi akasema limeshuka gunia moja.

"Hilo lilikuwa la kwangu, kwa kuwa umeniambia," alisema. "Saba yaliyobaki ni ya binti yako. Ukimwambia yeye, yatashuka." Halafu, kwa kuwa alikuwa fundi na ni wajibu wa fundi kumweleza mteja kila kitu, aliongeza: "Ila yakishuka, itarusha kama pikapu nyingine yoyote."

Masumbuko anaijutia sentensi hiyo ya pili mpaka leo. Alikuwa anazungumzia springi tu.

Mchana ule alipima alaimenti upya, akaiweka kwa gari lenye mzigo, si kwa gari tupu, na akapunguza hewa ya tairi za mbele kidogo. Lenard aliiendesha kurudi kijijini na usukani ukamtii kama hajawahi kuona tangu aimiliki. Kwenye makorongo ilipita bila kutikisika.

Wiki tatu baadaye, Alhamisi, saa nne asubuhi, Prisila alitoka jikoni ameshika kiuno, akasema baba, tayari. Lenard aliwasha gari mara ile ile. Hilo lazima aandikiwe. Alimfungulia mlango, akamwekea mto mgongoni, akatupia begi la nguo za mtoto juu ya kiti. Lakini Prisila hakupanda. Alisimama anatazama ghalani.

"Hatupakii, baba?"

"Imeshapakiwa, mama," Lenard alimjibu. "Panda."

Prisila akatazama nyuma ya pikapu iliyokuwa tupu, akatazama springi zilivyolala, akaridhika. Tangu azikwe mama yake alikuwa anaiona imekaa hivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba si kawaida.

Njia ya kutoka kijijini ni ya vumbi, yenye mashimo ya malori ya mbao. Siku ile mashimo yalikuwepo, tairi ziliingia na kutoka, na ndani ya gari maji kwenye chupa ya Prisila hayakucheza. Uchungu ulipomjia alishika mkono wa mlango akapumua, ukimwacha alitazama nje, mashamba ya viazi yakipita. Lenard aliushika usukani kwa mikono miwili ingawa kidole kimoja kingetosha. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba hakuwa na kitu cha kupigana nacho.

Walipita Makambako bila kusimama. Walipoacha lami kuingia Ilembula, Prisila alianza kuongea, kama watu wanavyoongea wakiwa na maumivu, bila kupanga.

"Ni mimi niliyemchelewesha mama," alisema. "Nilikuwa mzito kupakia. Lile gunia la tano nililiangusha mara tatu. Ningekuwa mwepesi mngewahi. Sijawahi kukuambia, baba, ila nalifikiria kila siku."

Lenard alisikia kila neno. Alielewa, kwa uchungu ambao sitajaribu kuupima, kwamba mwanawe amekuwa akibeba magunia yale pamoja naye, na kwamba maneno machache tu yangemtua. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ndipo akakumbuka kwamba akisema, magunia saba yatashuka palepale, na kipande hiki cha njia ni kibaya, na Prisila atarushwa katika hali ile. Asubiri wafike. Ilikuwa hoja nzuri, kwa ajili ya mgonjwa kabisa, na fundi yeyote angekubaliana nayo. Miaka saba nyuma pia ilikuwa nzuri.

"Kaa vizuri, mama," alisema. "Mbele kuna tuta."

Prisila akakaa vizuri, akajishika. Tuta lilipita na hakuna aliyelisikia.

Walifika mapema kiasi kwamba muuguzi aliwaambia wangeweza hata kunywa chai. Mtoto alizaliwa saa kumi jioni, wa kike, akaitwa Conjesta. Lenard aliapa moyoni kwamba atasema wakati wa kurudi. Wakati wa kurudi mtoto alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, mtoto wa siku tatu, na haikuwa vizuri arushwe.

Sasa mtoto huyo anatembea. Pikapu inajulikana kuanzia Mtwango hadi Wanging'ombe kwamba ndiyo isiyorusha, na mwanamke akishikwa na uchungu watu humpigia Lenard kabla ya mtu mwingine. Yeye huja, saa yoyote, na hajawahi kumchelewesha hata mmoja. Kila miezi sita huipeleka kwa Masumbuko, ambaye hupaka grisi, hulala chini, hupima kwa futikamba, na kusema namba ileile. Lenard huitikia kwa kichwa.

Wapo wanawake wanaosita kupanda, maana kwa macho pikapu ni ya kizamani na nyuma imekaa kama mnyama aliyechoka. Hao Prisila, ambaye bado yuko kwa baba yake, huwatuliza mwenyewe. Huwashika mkono, huwasaidia kupandisha mguu, na baba yake akiwa ameshakaa kwenye usukani anasikia yote.

"Panda dada, usiogope," huwaambia. "Gari ya baba haimrushi mtu. Ndiyo iliyompeleka mama yangu."