Nukta Kando ya Mpaka

Wivu wa Darubini haukuanzia baharini. Ulianzia kwenye simu.

Wakubwa walikuwa wameamua kwamba jeshi la majini, forodha na uvuvi wakae ukumbi mmoja, na nchi jirani ione wanachokiona wao. Tangu hapo mke wake, ofisa wa uvuvi, aliongea kila siku na mwenzake wa upande wa pili. Mtu wa sauti nzito, isiyo na haraka. Ukumbi mzima ulimwita Kaka wa Ng'ambo. Darubini, mtu wa rada wa jeshi, hakumwita chochote.

"Mume mwenzio hajapiga leo?" mama wa forodha alimchokoza.

"Fanya kazi yako, mama."

"Haya, usinimeze."

Asubuhi ile nukta ilijitokeza kwenye kioo cha rada cha Darubini, kando ya mpaka. Chombo kisichotoa ishara ya kujitambulisha. Kwa Darubini, anayezima ishara ana la kuficha. Utaratibu ulikuwa wazi: bonyeza, wote waione. Hakubonyeza. Juma lililopita alibonyeza, jirani wakakamata magendo, na mke wake akala chakula cha jioni akimsifu Kaka wa Ng'ambo kwa wepesi wake. Yeye alipika, mwingine akapakua. Safari hii angengoja boti ya jeshi irudi, ampe nahodha wake habari hiyo mkononi.

Mchana simu ya mke ikalia. Alicheka kidogo, akageuza kiti, akampa mgongo. Mgongo ule ulimchoma kuliko kicheko. Kisha kicheko kikakatika.

"Baba watoto, una chombo kisicho na ishara kando ya mpaka?"

"Nani anauliza?"

"Si unamjua."

"Basi mwambie hakuna."

Mke akarudisha simu sikioni. "Hakuna, kaka. Mume wangu ameangalia, na akisema hakuna, hakuna."

Tonge la namna hiyo halimezeki. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Mabaharia tisa?" mke aliendelea, taratibu. "Umeme wote umekatika? Na maji yanaingia?"

Darubini akabonyeza.

Nukta ikawaka kwenye vioo vyote, na kando yake njia nzima ambayo chombo kilipita tangu asubuhi. Mke aliitazama njia ile, ndefu kama kamba. Hakumtazama yeye.

"Kipo," akasema kwenye simu, sauti kavu. "Tumeni boti sasa hivi."

Jirani waliwakuta wote tisa juu ya paa la chumba cha usukani, hai, miguu majini. Jioni simu ikalia tena. Mke akamnyooshea Darubini simu hiyo.

"Shemeji," ilisema sauti nzito, "dada yangu anakusifu mpaka nakuonea wivu. Leo umetuokolea watu."

"Nilikiona tangu asubuhi," Darubini akasema. "Nikakaa nacho."

Akaiweka simu mezani. Alipoinua macho, mke wake alikuwa mlangoni, mkoba begani.

"Ningoje," akamwambia.

"Wewe kaa tu, baba watoto. Mimi napanda gari la forodha."