Ndege wa Mheshimiwa

Wamae alisimama kwenye tuta la shamba lake nje ya Wang'uru, mkebe wa mawe mkononi, na hakuutikisa. Ndege walijaa angani kama moshi wa nyasi mbichi, wanapinda, wanajikunja, kisha wanamwagika juu ya mpunga. Kila walipoinuka, wageni waliopanga magari kando ya mfereji ili kuwatazama walipiga mayowe ya furaha na kamera zao zikalia tatatata.

Chifu ndiye aliyewanyamazisha wakulima. Jumapili baada ya kanisa aliwaambia Mheshimiwa mwenyewe anakuja kujionea. Akiwakuta ndege wanakula, ataleta eropleni ya kunyunyiza dawa ya kuwaua. Kwa hivyo asubuhi hiyo mtu asipige mkebe wala asirushe tope kwa kombeo. Wakakubali. Wamae aliwajua wakubwa, shida ya mtu hawaiamini hata wakiikanyaga, lakini naye alikubali.

Mpunga huo ulipandikizwa na mkewe Ngendo, akiwa ameinama kwenye maji baridi, kabla hajapelekwa hospitali ambayo siku hiyo haikuwa na daktari, wala siku iliyofuata. Alizikwa kabla mpunga haujachanua. Sasa punje zilikuwa zimejaa maziwa, na ndege hupenda punje za hivyo hasa. Wamae hakuwa na kitu kingine kilichotoka mkononi mwa Ngendo.

"Jua imepanda. Huyu mtu yuko wapi?" alimwuliza Wasike, polisi aliyewekwa kulinda wageni.

"Yuko njiani, mzee."

"Njia gani? Ama anakuja na miguu kutoka Mombasa?"

Jirani yake Mwai alicheka kwenye tuta la pili. "Ako Kerugoya anakunywa chai, Wamae. Ngoja amalize na mandazi."

"Amalize! Na hawa ndege wanamaliza yangu?"

"Vumilia tu, mzee," Wasike alisema, macho chini. "Hata mimi nimetumwa."

Mheshimiwa alifika jua likiwa utosini. Akashuka, akaupa mpunga mgongo, akapigwa picha, ndege wakiwa nyuma yake. Halafu akashika kipaza sauti.

"Watu wangu, leo nimeona maajabu! Watu wametoka mbali, Nairobi, kuja kuona ndege wetu. Hii ni utalii! Hawa ndege tutawalinda."

"Na dawa?" Wamae alipaza sauti. "Chifu alisema utaleta dawa!"

"Ati dawa? Mzee, unataka kuniulia wageni?"

Watu wakacheka. Chifu naye akacheka, tena kuwashinda wote. Milango ya magari ya wakubwa ikafungwa, vumbi likabaki.

Hapo Wamae akatikisa mkebe kwa nguvu zake zote. Ndege wakainuka wote kwa pamoja, wakaliziba jua, na wageni wakashangilia kuliko mwanzo.

"Guka, tena! Rudia!" aliita msichana mmoja mwenye buti mpya, kama anayemwita babu yake.

Ndege walizunguka, wakatua palepale. Alitikisa tena, wachache tu wakaruka. Asubuhi nzima walikuwa wamekula mbele ya watu na hakuna aliyewagusa. Sasa wamwogope nani?

Akaingia majini. Akavunja shuke moja, akalisugua kiganjani. Makapi. Akaenda katikati ya shamba, akavunja la pili. Makapi matupu, mepesi, yakaondoka na upepo.

Msichana wa buti alikuwa amemfuata mpaka ukingoni. "Naitwa Lynn, guka. Vunja ingine uinue juu kidogo. Hapo kwa mwangaza."

Wamae akavunja, akainua. Alidhani huenda mtu fulani, mahali fulani, akiitazama hiyo picha vizuri, ataona kwamba ndani hamna kitu.

"Unaona iko tupu?" alimwuliza.

"Imetoka poa sana," Lynn alijibu, akiangalia kamera yake. "Shika hivyo, guka. Usisonge."

Wamae hakusonga. Nyuma yake ndege walikuwa wakishuka tena.