Mkono Uliokuwa Unapona

Kiharusi kilimkamata Baba Pacha katikati ya kipigo, mkono ukiwa bado juu. Mama Pacha alikuwa sakafuni, mdomo umejaa damu, anangoja ngumi nyingine, akashangaa kuona dume zima linaporomoka kama gunia. Hakulia. Alimshukuru Mungu kwanza, ndipo akaita majirani.

Na bado ni yeye aliyemlisha na kumwogesha, na leo kamleta tena kwa daktari wa mazoezi. Haya, msimcheke, mazoea yana taabu. Mkono wa kulia wa mumewe ulikuwa umelala fofofo, na usingizi ule ndio uliompa mama wa watu amani yake yote.

Daktari alimvisha mgonjwa kofia ya vitaa. "Haina sindano wala haichomi, mzee. Inaangalia damu inakokimbilia ndani ya ubongo. Sehemu ikiamka, kwenye skrini panakuwa pekundu."

Akamwekea mpira kiganjani aubane. Baba Pacha alikunja uso mzima, jasho likamtoka. Skrini ikabaki buluu.

"Basi, achana na mpira. Fikiria kazi ambayo mkono huu unaijua vizuri. Ifanye kichwani tu."

Baba Pacha akageuza shingo, akamtazama mkewe. Skrini ikawaka nyekundu.

"Hapo hapo!" Daktari aliruka kwa furaha. "Unafikiria nini, mzee?"

Mzee akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mama Pacha alijua ni kazi gani.

"Mama, hebu sogea umpe mkono. Ukiwa karibu anachangamka."

Akasogea. Vidole vikamfunga kifundo cha mkono, vikakaza, vikasokota mpaka mfupa ukalia. Akapiga yowe. Daktari, macho yote kwenye skrini, alikuwa anapiga makofi: "Nyekundu tupu! Kaza, mzee, kaza!"

Mama Pacha akakwapua fimbo ya mgonjwa kwa mkono uliobaki. Akavipiga vile vidole. Vikaachia, naye hakuacha. Aliviponda juu ya meza mpaka damu ikaruka kwenye koti la daktari na Baba Pacha akabweka, kofia imemshukia puani.

Daktari alimkumbatia kwa nyuma, akamvuta. "Mama, umefanya nini? Mkono ndiyo kwanza ulikuwa unapona!"

"Ndiyo maana," alisema Mama Pacha.