Muhuri wa Saa Tatu

Kichwa cha Alden kilikuwa na saa zake. Tangu alfajiri hadi kama saa nne na nusu kilikuwa chake mwenyewe: alijua leo ni siku gani, alijua mizabibu ya nyuma ya nyumba aliipanda mwaka gani, na mdomo alikuwa nao. Baada ya hapo mambo yalichanganyika, na mchana ulimkuta akiishi mwaka mwingine kabisa. Ndiyo maana Noreen alimwomba mthibitishaji wa hati, yule anayewafuata watu majumbani na muhuri wake mkobani, afike saa tatu kamili.

Hakuupangia ukungu. Watu wa bonde lile la Kalifonia wanaujua ukungu wa Januari, unavyolala barabarani mpaka dereva haoni mbele ya gari lake. Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu simu ikalia.

"Mama, naja, ila natambaa," akasema mthibitishaji.

"Tambaa upesi, mwanangu."

Miaka kumi na mmoja walikuwa wameishi pamoja, mjane na mgane. Hawakuoana kwa sababu Alden alisema harusi ni ya watu wenye meno yao. Noreen aliucheka mzaha huo hadi mwezi uliopita, hospitalini, walipomwambia asubiri nje kwa kuwa si mtu wa Alden. Mtu wa Alden ni Kirsten, binti yake, naye alikwisha kumtafutia baba nafasi katika nyumba ya wazee huko Arizona, mwendo wa siku nzima. Leo alikuwa njiani kuja kumchukua. Hati ya kuwasajili kuwa wenzi, ikiwa na sahihi mbili na muhuri, ingempa Noreen kauli. Bila hati alikuwa mgeni aliyekaa muda mrefu.

"Huyo mtu wa muhuri kafa?" Alden aliuliza saa nne, akila mayai yake. "Au umemwambia nina sura mbaya?"

"Nilimtumia picha yako. Ndiyo maana anasitasita."

Alden akacheka. Noreen akayatazama macho yake kwa hofu, maana saa ya ukutani ilikuwa haimngoji mtu.

Mthibitishaji, Pahoua Vang, aliingia saa tano kasorobo, koti limelowa, akiomba radhi kuanzia mlangoni. Alikagua vitambulisho, akaandika kwenye daftari lake, Noreen akatia sahihi. Kisha akamgeukia Alden. Ilikuwa desturi yake kumsomea mgonjwa hati na kumwacha ajibu mwenyewe, bila mtu kumsaidia.

"Mzee, hapa unaapa kwamba huna ndoa na mtu mwingine. Ni kweli?"

Alden alikuwa ameshika kalamu. Akaiweka chini taratibu.

"Binti, hapo siwezi kudanganya. Nina mke. Anaitwa Lorraine."

"Lorraine alifariki, mpenzi," Noreen akasema.

"Mama, tafadhali, usimjibie."

"Nani kafariki?" Alden akamwonyesha Noreen kwa kidole. "Si huyu hapa? Lorraine, hebu mwambie."

Maisha yake yote Alden hakuwahi kusema uongo. Noreen alimpendea hilo, na asubuhi ile akalichukia.

Pahoua alisubiri robo saa. Alden alimweleza jinsi ya kuanika zabibu. Mwishowe Pahoua akaurudisha muhuri mkobani.

"Nikigonga hapa nitakuwa nimethibitisha uongo, mama. Nitakuja kesho alfajiri."

"Kesho hatakuwepo."

"Nisamehe," Pahoua akasema, naye alimaanisha. Hatua chache tu nje ya mlango ukungu ukamficha.

Noreen aliketi bila kulia. Hakuwa na mtu wa kumkasirikia, akaukasirikia ukungu. Punde mkono ukamgusa.

"Noreen, mbona kahawa imepoa? Yule mtu hakuja?"

Noreen alimpa kalamu, akamsomea hati, na Alden akatia sahihi kwa herufi zilizonyooka.

"Sasa Kirsten aje tu," akasema. "Sitoki humu."

Noreen akapiga simu. "Amerudi! Ametia sahihi!"

"Nageuza gari," Pahoua akasema. "Sahihi si tatizo, mradi akiri mbele yangu kwamba ni yake. Dakika ishirini, mama. Mshike hapohapo."

Akamshika kwa maneno. Leo siku gani? Alhamisi. Mizabibu ulipanda lini? Akamtajia mwaka. Na mimi nani?

"Wewe ni yule mwanamke anayeunguza mayai," Alden akasema. "Leo umezidisha."

Noreen alikuwa bado anacheka taa za gari zilipomulika dirishani. Akainuka na hati mkononi, akikimbilia mlango. Mtu wa nje hakubisha hodi. Alisikika akitafuta ufunguo.

"Baba?" Ilikuwa sauti ya Kirsten.

Alden aliinua kichwa. Uso wake ukajaa furaha kubwa, furaha ambayo Noreen hakuwahi kuiona kwa miaka kumi na mmoja.

"Lorraine," akamwambia, "mfungulie mtoto. Ametoka shule."

Noreen alibaki amesimama na hati. Nyuma ya gari la Kirsten, taa nyingine mbili ziliingia uani polepole. Pahoua alikuwa amefika ndani ya dakika zake ishirini.