Sakafu ya Kaka

Siku halmashauri ilipopitisha bajeti ya njia za waenda kwa miguu na baiskeli, ofisi yetu ya ujenzi ilishangilia kama timu imefunga bao. Mimi niliingia chooni nikajifungia, nikalia. Mpimaji, ambaye ndiye ninayemshikia fimbo na kamba za vipimo, alikuja kugonga mlango akaniambia nitoke, machozi ya uzinduzi huwa anayalia diwani, mimi si kazi yangu.

Nilicheka kidogo nikatoka. Hakujua njia ya kwanza ina maana gani kwangu. Mimi nilikuwa nimeshaiona kwenye ramani: itafuata barabara ya viwandani, itapinda kwenye kona ya ghala la mbao, mahali kaka yangu alipogongwa.

Kaka alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli. Asubuhi ile, kwenye kona, mvua ilikuwa imechimba shimo pembeni mwa barabara. Akatoka kidogo tu, akaingia kwenye lami ili alikwepe. Lori lililokuwa nyuma yake halikuwahi kusimama. Waliofika kwanza walimfunika kwa turubai lake mwenyewe, lile la kufunikia mikate.

Baba yetu ni fundi muashi. Kulia mbele za watu hajui, anajua kujenga. Wageni wa msiba walipotawanyika alikwenda pale kwenye kona na mchanga, kokoto na saruji, akalijaza lile shimo, kisha juu yake akamwaga sakafu ndogo ya zege, upana kama wa kitanda cha mtu mmoja. Aliisugua kwa mwiko mpaka ikang'aa. Hakuandika jina wala tarehe. Sisi nyumbani tuliiita sakafu ya Kaka, na kila jioni akitoka kazini Baba alipitia hapo, akageuza ndoo yake ya kazi kifudifudi, akaketi.

Nyumbani alikuwa ameacha kuzungumza. Alijibu ukimuuliza, au alisema chumvi imezidi, basi. Lakini siku moja Mama alipita nyuma ya ghala akamsikia. Alikuwa akimsimulia Kaka habari za tajiri mmoja aliyemvunjisha ukuta mzima kwa sababu mkewe amesema jikoni kunaonekana kama kituo cha polisi. Alisimulia huku akicheka peke yake. Mama alirudi nyumbani akaniambia, "Baba yako bado yupo. Ila yupo kule, hapa hayupo." Tangu siku hiyo, Baba akichelewa jioni, hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

Ndiyo maana nilikwenda kwa Mhandisi wa ofisi yetu. Mimi kusema mbele ya wakubwa hunishinda, maneno hunikaukia, lakini nilisimama mlangoni kwake mpaka akaniambia nikae. Nikamuuliza kama ile sakafu inaweza kubaki. Mhandisi ni mama mtu mzima, hana haraka. Alinifungulia mchoro akanionyesha kwamba pale patachimbwa mpaka usawa wa goti, chini lipite bomba la maji ya mvua, juu zishindiliwe tabaka za kokoto, ndipo ije njia yenyewe, lami kwa baiskeli na matofali kwa waenda kwa miguu. Kipande cha zamani hakiwezi kuachwa katikati.

"Na hata kingeweza," akasema, "mtu wa baiskeli akiona mbele yake kitu asichokielewa, anakwepa. Akikwepa anaingia barabarani."

Mara akanitazama. Nadhani alikumbuka anasema na nani. Alinishika mkono akauacha hivyo kwa muda, kisha akaniuliza kama Baba anajua. Nikamwambia nitamwambia.

Nilianza kwa Mama. Alikuwa akimenya viazi, na hakuacha kumenya hata nilipomaliza. Alisema tusimwambie siku hiyo, ana kazi ya lipu ya watu na hajaimaliza, akichanganyikiwa ataharibu ukuta wa mtu. Tungoje Jumapili, akiwa amekula na kupumzika. "Na utamwambia wewe," akasema. "Mimi nikifungua mdomo nitaanza kulia, na yeye atanibembeleza mimi, halafu hakuna atakayembembeleza yeye."

Katikati ya wiki tulipigilia vigingi. Kila kigingi tulikichora mstari mwekundu, na mstari huo maana yake ni moja tu: uso wa njia itakapokamilika utafika hapo. Fundi yeyote anaujua. Kigingi kimoja kiliangukia upande huu wa sakafu ya Kaka na kingine upande ule.

Jioni tukiwa tunakusanya vifaa, Baba akatokea na ndoo yake. Nilimwamkia nikainama kukunja kamba. Alisimama akatazama vigingi kwa jicho moja, jingine kalifumba, akamwambia Mpimaji kwamba kile cha tatu kimelala kidogo, labda kimechoka. Mpimaji akasema mzee, hiki ni chombo cha kisasa, hakikosei. Baba akajibu kwamba na yeye anayo pimamaji ya kisasa, aliinunua kabla Mpimaji hajaota meno. Vijana wote wakacheka. Ilikuwa zamani sana tangu nimsikie Baba akitania watu.

Kisha akagusa mstari mwekundu kwa kidole. Akauliza kama hapo ndipo juu kabisa. Mpimaji, aliyedhani nimeshamweleza mzee wangu kila kitu, akamwambia ndiyo, hapo ndipo watu watakanyaga. Baba akaitikia kwa kichwa taratibu, akanitazama mimi, akatabasamu. Sikuelewa lile tabasamu. Nilidhani ni la ule utani.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naanika nguo Mama aliponijia, kanga kaifunga ovyo. Akasema, "Mwanangu, nenda pale kwenye kona. Nenda sasa hivi."

Nilimkuta Baba amepiga magoti. Alikuwa amevuta uzi kutoka mstari mwekundu wa kigingi kimoja mpaka wa kigingi cha pili, amekoroga zege jipya, ameinua sakafu yote mpaka kwenye uzi. Kingo alizilaza vizuri ili gurudumu lipande bila kugonga. Juu yake hakung'arisha kama zamani. Alikuwa akipitisha ufagio, mistari myembamba iliyonyooka, ili mtu asiteleze siku ya mvua. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Aliponiona akacheka.

"Sikutaka kukuuliza mbele ya wenzako," akasema, "wasije wakasema unapendelea kwenu. Lakini nilipoona vigingi vimeizunguka huku na huku, nikajua mmeiacha. Nikajua ni wewe. Wewe tangu utotoni ukifanya jambo zuri hulisemi, mpaka mtu aligundue mwenyewe."

Akanionyesha kwa mwiko jinsi njia yetu itakavyofika pale ikaungana na ya kwake, na hakuna atakayejikwaa. Alisema zege hili amelitia saruji ya kutosha, litatuzika sote.

Nikaketi kwenye ndoo yake. Sikuwa nimewahi kuikalia kabla ya siku ile.

"Baba," nikasema, "haibaki."

Aliendelea kufuta mwiko. "Haibaki nini?"

"Sakafu. Vigingi vinaonyesha njia inapopita. Tunachimba pote, Baba."

Hakukasirika. Heri angekasirika. Alianza kunieleza kama anavyowaeleza wateja wake wabishi, kwa upole, kwamba inaweza kuzungukwa, kwamba anaweza kuweka nondo ikaungana, kwamba kama tatizo ni bomba basi bomba linaweza kupita ubavuni. Kama tatizo ni mafundi, yeye atakuja kuifanya mwenyewe bure. Kila alichosema nilikuwa na jibu lake, na kila jibu lilinitoka kwa sauti ndogo zaidi. Mwisho alisema, "Ni kipande kidogo tu, mwanangu. Kinamdhuru nani?"

Nikamwambia alichosema Mhandisi, kwamba mtu wa baiskeli akiona kitu asichokielewa anakwepa. Halafu nikamuuliza, "Kaka alitokaje pembeni?"

Baba alitazama barabara. Lori la mbao lilipita, vumbi likatua juu ya zege bichi, naye akainama akalipuliza kwa mdomo.

"Alikwepa," akasema.

Baadaye akaniuliza njia kama hii ni kazi ngumu kiasi gani. Nikamwambia si ngumu, mvua isipoharibu, kona hii itaisha mara moja. Akauliza mbona haikujengwa mapema. Nikamwambia bajeti haikuwepo.

"Haikuwepo," akarudia, taratibu, kama mtu anayesoma neno la lugha ngeni.

Akaniuliza tunachimba lini. Nikamwambia Jumatatu. Basi alisimama, akachukua magunia aliyokuwa ameyalowanisha, akaitandika sakafu yote, pembe kwa pembe, akayamwagia maji. Nikamwambia Baba, Jumatatu inavunjwa. Akasema anajua.

"Zege bichi haliachwi juani," akasema. "Linapasuka."

Jumapili, baada ya chakula, alibeba maji akaenda kulimwagilia tena.

Jumatatu tulifika na kijiko, mtambo wa kuchimbia, na Baba alikuwa ameshafika. Alikuwa ameyakunja magunia yake akayaweka kando, na mkononi alikuwa na nyundo kubwa. Alimwomba dereva wa kijiko amngojee kidogo. Dereva alinitazama mimi, mimi nikamtazama Mhandisi, Mhandisi akageuka akaanza kusoma karatasi ambazo najua alikuwa ameshazisoma.

Tabaka la juu lilikuwa halijakomaa, lilivunjika kama keki. Baba aliliondoa lote, akakusanya vipande rundo moja. Ndipo akafika kwenye ile sakafu ya kwanza, ile iliyong'aa. Alipiga. Alipiga tena mahali palepale. Haikutikisika. Alipiga mpaka pumzi zikamwishia, nikamwendea nikashika mpini chini ya mikono yake, na kwa muda tukawa tumeushika wote wawili bila kuinua nyundo.

"Ilishika vizuri," akaniambia, akihema. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi na maji. "Unaona? Ilishika vizuri sana."

Akaniachia nyundo, akavuka barabara, akasimama upande wa pili mpaka kijiko kilipomaliza.

Njia ilikamilika kabla ya mvua. Diwani alikata utepe na, kweli, alilia. Baba hakwenda kwenye uzinduzi. Alisubiri mpaka maturubai yameondolewa na watu wameizoea, ndipo jioni moja akaniambia nimsindikize. Hakubeba ndoo.

Ilikuwa nzuri. Lami ya baiskeli ilikuwa laini kama meza, ya waenda kwa miguu imeinuka kidogo, na ukingo wa zege umezitenga zote mbili na magari. Ghala la mbao lilikuwa limepakwa rangi mpya, nguzo ya taa imehamishwa. Baba alitembea mpaka kwenye kona, akapita, akarudi, akapita tena. Aliinama akagusa lami kwa kiganja.

"Ni wapi?" akaniuliza.

Kazi yangu ni kujua kitu kiko wapi. Ofisini tuna vipimo vya kila hatua ya njia ile. Lakini pale, kwa macho yangu, kote kulikuwa sawasawa. Nilitaka kumwambia nitaangalia kesho, nikauona uso wake, nikashindwa.

"Hapa," nikasema.

"Hapa?"

"Hapa, Baba."

Akasimama pale, mikono nyuma. Niliona midomo yake ikianza kucheza, nikarudi nyuma hatua chache ili nisimsikilize. Kengele ikalia. Alikuwa mama mmoja kwenye baiskeli, mtoto kamfunga kwenye kiti cha nyuma. Baba akaruka pembeni. "Pita, mama, pita," akasema, "samahani." Akarudi mahali pale. Hajafungua mdomo, kengele nyingine ikalia, na nyuma yake nyingine. Ndiyo ilikuwa saa ya watu kutoka kazini. Akapisha tena. Safari hii hakurudi. Alipanda upande wa waenda kwa miguu, watu wakawa wanampita huku na huku, naye akatazama baiskeli zikiikata ile kona moja moja, hakuna hata moja iliyotoka pembeni.

Tulipofika nyumbani Mama alikuwa mlangoni. Akauliza kama tumepaona.

Baba alivua viatu, akavipanga ukutani.

"Wanapita vizuri," akajibu, akaingia chumbani. Mama alibaki akimsikiliza kwa muda mrefu nyuma ya pazia, kisha akanitikisia kichwa: hazungumzi na mtu.